Kati ya Kiwanda na Mnunuzi: Nani Asimame?

Maelezo yaliyotolewa katika semina ya wajumbe wa kamati na makatibu wa vyama vya msingi, Shinyanga

Nimeombwa nieleze juu ya ugomvi ambao umeendelea kwa miaka mingi huko Marekani, baina ya viwanda vya magari ya umeme vinavyotaka kumwuzia mnunuzi moja kwa moja, na mawakala wa magari wanaodai kwamba sheria inavikataza kufanya hivyo. Nilipotaja habari hii wakati wa chai, mjumbe mmoja aliniuliza, "Mzee, sisi tunalima pamba. Magari ya Wamarekani yatutoe mashambani kwa lipi?" Swali lake ni la haki, nami sitaliruka.

Jambo hili latuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya vyama vilivyo hapa vimekwisha kufikiwa na wauzaji wa maguta na pikipiki za umeme. Wanasema hawana wakala, wanaleta mali kutoka kiwandani hadi mlangoni kwa chama, na malipo yatakatwa katika pamba ya wanachama kidogo kidogo. Vyama hivyo vinataka ushauri, na ushauri wautaka upesi kabla msimu wa kununua haujafunguliwa. Ya pili ni kwamba swali lenyewe, yaani nani asimame kati ya mwenye mali na mwenye fedha, ndilo swali lililouzaa ushirika katika Kanda ya Ziwa. Atakayelielewa katika magari atalielewa vizuri zaidi katika pamba na katika dhahabu.

GUTA LILILOKAA CHINI YA MWEMBE

Naomba nianze na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki.

Miaka kadhaa iliyopita chama cha msingi nilicho mwanachama wake kiliamua kununua guta la injini, la kubebea pamba kutoka kwa wakulima hadi ghalani. Tulikuwa na njia mbili. Mjini palikuwa na wakala mwenye duka, naye bei yake ilitushtua. Kisha akatujia kijana mwenye simu iliyojaa picha, akatuambia kwamba yeye huleta moja kwa moja, hapana mtu wa kati wa kumnenepesha, na bei yake ilipungua kwa karibu theluthi moja. Mkutano ulimpigia makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Guta lilifika, nalo likafanya kazi msimu mzima bila tatizo. Msimu wa pili difu ikavunjika. Tulipiga simu ya yule kijana, haikupatikana. Tulitafuta kipuri hapa Shinyanga, tukakitafuta Kahama, tukamtuma mtu Mwanza. Kila fundi alitazama, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuuona mtambo wa aina hiyo. Guta likakaa chini ya mwembe misimu miwili, kuku wakatagia ndani yake. Pamba ikarudi kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Mwishoni tuliliuza kwa bei ya chuma chakavu, na deni lake wanachama waliendelea kulilipa.

Hapo mtu aweza kusema: mngalikwenda kwa wakala. Lakini sikilizeni habari ya jirani zetu. Wao walikwenda kwa wakala, wakalipa bei yake yote, wakapewa karatasi ya dhamana yenye muhuri mzuri. Guta lao lilipoharibika, wakala aliwaambia kipuri hakipo, kitaagizwa. Walingoja miezi mitano, na ndani ya miezi hiyo mitano msimu wote wa kununua ulipita.

Ndugu wajumbe, nataka mwangalie mambo hayo mawili kwa pamoja. Sisi tulimkwepa mtu wa kati, tukaikosa kazi yake. Jirani zetu walimlipa mtu wa kati, nao wakaikosa kazi yake. Kilichokosekana pande zote mbili kilikuwa kimoja: mtu wa kuitika siku ya kuharibika. Hilo ndilo nitakalolifuata katika maelezo yangu yote.

UGOMVI WA MAREKANI

Sasa twende Marekani, tukaone ugomvi wao ulianzia wapi.

Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, viwanda vya magari vya nchi ile havikumwuzia mnunuzi. Viliuza kwa mawakala, na wakala akamwuzia mwananchi katika mji wake. Wakala alijenga duka kwa fedha zake, akaajiri mafundi, akaweka vipuri. Lakini alikuwa mnyonge mbele ya kiwanda. Uchumi ulipoanguka mwaka 1920 na 1921, kampuni ya Ford iliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza, ikataka yalipiwe papo hapo. Wakala aliyekataa aliweza kupoteza uwakala wake. Aliyekubali alikwenda benki kukopa. Hivyo deni la kiwanda lilihamia mabegani mwa wakala wa mji mdogo.

Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyosababisha majimbo kutunga sheria za kumlinda wakala. Na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya nchi nzima iliyompa wakala haki ya kukishtaki kiwanda kisichomtendea kwa nia njema. Sheria za majimbo zilisema, kwa maneno tofauti lakini kwa maana iliyokaribiana, kwamba kiwanda kisimnyang'anye mtu uwakala bila sababu ya haki, wala kisifungue duka lake chenyewe kushindana na wakala wake. Tukumbuke vizuri nia yake: sheria ilitungwa kumlinda mdogo dhidi ya mkubwa.

Ikaja kampuni ya Tesla na magari yake ya umeme. Kampuni hii haikuwa na wakala hata mmoja, wala haikutaka kuwa naye. Ilifungua maduka yake yenyewe, bei ikawa moja kwa kila mtu bila kupatana, na mnunuzi akaagiza kwa njia ya intaneti. Ilikuwa na sababu zake. Gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilishwa, wala plagi, wala bomba la moshi. Sehemu zinazozunguka ndani yake ni chache. Wakala wa kawaida hupata sehemu kubwa ya faida yake katika karakana. Kampuni ikasema kwamba mtu wa namna hiyo hatakuwa na moyo wa kuuza gari litakalomnyima matengenezo.

Mawakala wakaenda mahakamani, na wakaenda mabungeni. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts iliamua kwamba mawakala wa viwanda vingine hawakuwa na haki ya kuishtaki Tesla, kwa kuwa sheria ile ilikusudiwa kumlinda wakala dhidi ya kiwanda chake mwenyewe, si kumkinga na mshindani. Lakini mwaka huo huo jimbo la Michigan, lililo kitovu cha viwanda vya magari vya Marekani, lilirekebisha sheria yake ili kuziba mlango. Kampuni ikashtaki mwaka 2016, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwezi Januari 2020. Huko Texas jambo limekuwa la kushangaza zaidi: hata baada ya kampuni hiyo kufungua kiwanda kikubwa karibu na mji wa Austin mwaka 2022, mkazi wa Texas aliendelea kununua gari hilo kana kwamba analiagiza kutoka jimbo jingine. Gari limeundwa jirani yake, lakini karatasi zake lazima zizunguke.

Hapa pana funzo. Sheria iliyozaliwa kumlinda mnyonge yaweza, baada ya miaka mingi, kuwa ukuta wa kumkinga mtu asiulizwe anafanya kazi gani. Wapo mawakala ambao leo ni matajiri wakubwa kuliko viwanda vidogo vinavyozuiwa.

Hata hivyo tusiharakishe kuwapigia makofi wauzaji wa moja kwa moja, kama nilivyofanya mimi. Huko huko Marekani palikuwa na kampuni nyingine ya magari ya umeme, jina lake Fisker. Nayo ilianza kwa kuuza moja kwa moja. Mwezi Juni 2024 ikaomba mahakama itangaze kuwa imefilisika. Maelfu ya watu wakabaki na magari mapya yasiyo na kiwanda nyuma yake: vipuri shida, na hata zile programu zinazoliendesha gari hazikuwa na mwenyewe wa kuzitunza. Je, walifanya nini? Waliunda chama. Wenye magari walijiunga pamoja, wakachanga ada, wakaanza kutafuta vipuri na mafundi kwa sauti moja. Hawakuambiwa na afisa ushirika yeyote; shida ndiyo iliyowafundisha.

SISI NA PAMBA

Ndugu Mwenyekiti, sasa tugeuke tujitazame.

Kabla ya ushirika, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara na wenye vinu, na mkulima alisimama mbele ya mizani asiyoijua. Hakuuliza bei, aliambiwa. Hakusoma uzito, alisomewa. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kwa kudai mizani ya haki, na kutoka katika dai hilo vikazaliwa vyama vya msingi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la Victoria, lililojulikana kwa herufi zake VFCU, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Hadi wakati wa Uhuru lilikwisha kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Lilinunua pamba, na likamiliki vinu vya kuichambua.

Basi wazee wetu walimwondoa mtu wa kati? La. Walimwondoa mtu wa kati mmoja, wakaweka mwingine mahali pake; tofauti ni kwamba huyu wa pili ni wao wenyewe. Na Serikali ikampa kinga: pamba ikapita kwa ushirika peke yake. Kwa maneno mengine, nasi tulipewa sheria ya uwakala, kama ile ya Marekani, na kwa nia njema kama ile.

Yaliyofuata twayajua. Mwaka 1966 kamati maalumu iliyoteuliwa na Rais ilizunguka nchini kuchunguza vyama vya ushirika, ikakuta malalamiko ya wakulima: makato wasiyoelezwa, watumishi wengi kupita kazi, upendeleo katika ajira, na udanganyifu katika kupima. Mizani ile ile! Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na kazi ya kununua ikawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika. Mwaka 1994 ukaja ulegezaji wa biashara, na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua pamba kwa mkulima moja kwa moja.

Wengi wenu mnaikumbuka misimu ile. Wanunuzi walikuwa wengi, kila njia panda pana mizani, fedha taslimu mkononi. Mkulima alifurahi, naye alikuwa na sababu. Lakini polepole tukaona kilichokuwa kimefichwa ndani ya yule mtu wa kati wa zamani. Nani atakopesha mbegu na viuatilifu, ikiwa mkulima aweza kuvuna na kumwuzia mwingine? Nani atakataa pamba iliyotiwa maji na mchanga, ikiwa anajua kwamba akiikataa yeye, mwenzake wa jirani ataichukua? Sifa ya pamba yetu ilishuka, na hasara ilimrudia yule yule aliyetia mchanga na yule asiyetia.

Kuanzia msimu wa 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe tena kupitia vyama vya msingi. Kinga ikarudi. Lakini mwaka uliofuata, msimu wa 2019, bei ya dunia ilishuka chini ya bei ya shilingi 1,200 kwa kilo iliyokuwa imetangazwa, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walikaa miezi bila malipo hali pamba yao imekwisha kuondoka ghalani. Mkulima hakumfuata mnunuzi kumdai. Alikuja kwa katibu wa chama. Wapo makatibu humu ndani waliolala nje ya nyumba zao wakati ule. Sheria ilikuwa imetupa mlango wa kupitishia pamba. Haikutupa fedha za kumlipa mkulima.

Nayasema haya bila kubeza ushirika, ambao nimeutumikia maisha yangu yote. Nayasema kwa sababu ni rahisi kumwona mtu wa kati kuwa mnyonyaji pale anapokuwa mtu mwingine, na kumwona kuwa mtumishi pale tunapokuwa sisi.

SOKO LA GEITA

Ndugu zetu wa Geita na Kahama wanao mfano mwingine, nao ni wa karibu zaidi.

Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo alipotoa mawe katika duara, akayapeleka kwenye karasha na mwaloni, dhahabu aliyoipata alimwuzia broka aliyekuwa amemkopesha chakula na baruti. Mizani ilikuwa ya broka, na bei ilikuwa ya broka. Bei ya dunia ilikuwa ikitangazwa London, lakini haikufika mwaloni. Mwezi Januari 2019 wachimbaji wadogo walikutana na Rais Magufuli Dar es Salaam, wakaeleza shida zao. Sheria zikarekebishwa, baadhi ya kodi zilizomlemea mchimbaji mdogo zikaondolewa, na tarehe 17 Machi 2019 soko la dhahabu la Geita likafunguliwa na Waziri Mkuu Majaliwa. Masoko mengine yakafuata katika mikoa mingine.

Tazameni kwa makini kilichofanyika. Broka hakufukuzwa, anayo leseni yake, na bado hununua. Kilichobadilika ni mahali na mizani. Dhahabu hupimwa mbele ya watu, bei elekezi huonekana ukutani, na mrabaha hukatwa papo hapo na kuandikwa. Broka amebaki, lakini sasa yuko mwangani. Naamini hiyo ni njia ya tatu, tofauti na ile ya kumkinga mtu wa kati na tofauti na ile ya kumfuta.

BETRI NI YA NANI?

Baada ya safari hiyo ndefu, turudi kwenye maguta ya umeme yanayobisha hodi.

Sikatai vyombo hivi. Mafuta ya petroli huja kutoka mbali, na bei yake hupanda bila kutuuliza. Umeme twaufua wenyewe, na bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Mabadiliko haya yatatufikia, tupende tusipende.

Lakini chombo cha umeme kimebadilisha maana ya neno "kununua". Huko Kigali kampuni ya Ampersand, iliyoanza huduma yake mwaka 2019, huwapa waendesha pikipiki betri ya kubadilisha. Mwendeshaji ana pikipiki yake, lakini betri ni ya kampuni; ikiisha nguvu huipeleka kituoni, akapewa iliyojaa, akalipia umeme uliomo. Nairobi kampuni ya BasiGo hutoa mabasi ya umeme kwa mpango unaofanana, mwenye basi akilipa kwa kadiri ya kilomita alizokwenda. Mpango huu una busara yake. Betri ndiyo sehemu ya ghali kuliko zote, na mtu wa kawaida hawezi kubeba hatari ya kufa kwake. Tena kampuni inayomiliki betri ina sababu ya kuitunza.

Hata hivyo angalieni uhusiano unaozaliwa hapo. Katika gari la zamani, baada ya kununua uliweza kumkimbia wakala, ukaenda kwa fundi wa mtaani na kipuri cha kuokoteza. Katika chombo hiki, muuzaji wa moja kwa moja hakuachi kamwe. Yeye ni kiwanda, ni wakala, ni fundi, na ni kituo cha mafuta, wote katika mtu mmoja. Akipandisha bei ya betri, huna pa kwenda. Akifunga kituo, guta lako ni bati. Kigali ni mji mmoja wenye vituo karibu karibu. Kutoka Shinyanga hadi Kahama ni zaidi ya kilomita 100, na kati yake kuna vijiji ambako mvua ya masika ikinyesha hata baiskeli husukumwa. Kituo kitakuwa wapi? Swali hilo lazima lijibiwe kabla ya makofi.

MASHARTI TUNAYOPASWA KUDAI

Nchini kwetu hakuna sheria ya kumlazimisha mnunuzi kupitia wakala wa kiwanda. Katika miaka ya 1970 na 1980 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na mtu alingoja kibali. Leo mwalimu wa Nzega au muuza duka wa Katoro huagiza gari kuukuu Japani kwa simu yake, akalipokea bandarini Dar es Salaam. Kwa hiyo ulinzi wetu hautatoka katika sheria ya uwakala. Utatoka katika mkataba tutakaoandika wenyewe. Napendekeza mambo matano.

Kwanza, muuzaji awe na anwani na usajili hapa Tanzania, mtu ambaye mahakama yetu yaweza kumwita. Picha ya simu si anwani.

Pili, mkataba utaje vipuri kwa majina, na mahali vitakapowekwa, na idadi yake. Neno "vitapatikana" tusilikubali. Wakala wa jirani zetu naye alilisema. Iandikwe kwamba chombo kikilala zaidi ya siku zilizotajwa katika msimu wa kununua, makato ya mwanachama yasimame mpaka kisimame tena barabarani.

Tatu, iandikwe betri ni ya nani, bei ya kuijaza ni kiasi gani, na bei hiyo yaweza kubadilishwa namna gani. Kama betri ni ya kampuni, tuelezwe itakuwaje siku kampuni itakapofunga milango. Tukumbuke wale wenye magari ya Fisker.

Nne, chombo kijaribiwe kwetu kabla ya kulipiwa, kikiwa na mzigo kamili wa pamba, katika udongo mweusi wa mbuga, wakati wa mvua. Barabara ya lami mbele ya hoteli haitoshi.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, chama kimoja kisiende peke yake. Chama kimoja kikinunua maguta mawili, muuzaji hana sababu ya kuweka fundi Shinyanga. Vyama arobaini vikinunua kwa pamoja kupitia chama kikuu, vinaweza kudai fundi, stoo ya vipuri, na mafunzo ya vijana wetu katika vyuo vya VETA, wawe wao ndio watengenezaji. Vijana hao ni wa kwetu. Kampuni ikiondoka, wao watabaki.

Hapo mtaona kwamba nimemrudisha mtu wa kati, naye ni chama kikuu. Sioni aibu kusema hivyo. Lakini namrudisha kwa sharti.

NASI TUPIMWE

Sharti lenyewe ni hili. Maswali tunayotaka kumwuliza muuzaji wa guta, tukubali mwanachama atuulize sisi. Ushuru unaokatwa katika kila kilo ya pamba unalipia kazi gani? Mizani ya chama ilikaguliwa lini, na cheti chake kimebandikwa wapi? Mkulima akiletewa mbegu isiyoota, nani anaitika? Malipo yakichelewa, nani anakwenda kudai, na nani analeta habari kijijini hata kama habari yenyewe si nzuri?

Chama kinachoweza kujibu hayo hakina haja ya kuogopa mnunuzi wa moja kwa moja. Mwanachama akipata huduma ya kweli atatuchagua hata kama milango yote imefunguliwa. Na chama kisichoweza kuyajibu, hata sheria ikikikinga miaka hamsini, siku kinga itakapoondolewa kitaanguka, kama tulivyoona vikianguka. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirika nao, bila kazi inayoonekana, hupotea hivyo hivyo.

Yule mjumbe aliyeniuliza wakati wa chai namwona ameketi pale nyuma. Nadhani sasa ameniona ninakotaka kufika. Ugomvi wa Wamarekani haujaisha, nao wenyewe watajua namna ya kuumaliza. Wetu tunaweza kuuanza leo, kwa kurudi vyamani na kuitisha mikutano mikuu kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya maguta. Kamati isiamue peke yake. Deni litakatwa katika pamba ya kila mmoja, basi kila mmoja aulizwe.

Kuhusu lile guta letu, mwembe bado upo, na mahali liliposimama majani hayajaota vizuri mpaka leo. Kila nipitapo hapo nakumbuka makofi yangu.